Moyo, akili na gari: aina tano, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho

Kulipenda gari si kosa. Usilolipenda utalichoka mapema, na utaliuza kwa hasara. Tatizo ni pale moyo unapoamua kwanza, kisha akili ikaitwa itafute sababu: "Nahitaji fo-wili (gari linalosukumwa na magurudumu yote manne), huenda siku moja nikaenda porini." Mara ya mwisho ulienda lini? Mimi nimezipanga aina hizi tano za magari kwa kazi ya Jumatatu mpaka Ijumaa.

1. Stesheni wageni, yaani gari la chini lenye mgongo mrefu na buti lililoungana na sehemu ya abiria. Najua wengi mtaguna. Ukilaza viti, buti lake linameza hata baiskeli. Spea nyingi ni zilezile za saluni (gari la kawaida lenye buti lililotengwa) ya toleo hilo, na hunywa mafuta kidogo kuliko SUV (gari la juu lenye sura ya porini) yenye injini hiyohiyo. Watu wanalikimbia kwa sura tu, jambo linalokupa nafasi ya kupatana bei.

2. Gari dogo la milango mitano. Mko wawili, mnazunguka mjini? Basi, msihangaike zaidi.

3. SUV. Hapa ndipo wengi hunasa. Kukaa juu na kuona mbali ni raha ya kweli, siibezi. Ila nyingi zenye sura ya porini huvuta kwa magurudumu ya mbele tu. Inama uangalie kama kuna shafti, chuma kirefu kinachokwenda nyuma kuzungusha magurudumu ya huko. Rimu kubwa nazo zinapendeza, lakini ubavu wa tairi lake ni mfupi, shimo likija rimu ndiyo inayopigwa, na siku ya kubadilisha tairi mfuko utalia. Kama njia yako ni mbovu kila siku, ipandishe iwe ya kwanza.

4. Pikapu. Springi zake za nyuma ni za kubeba mzigo. Ikiwa tupu inakurusharusha. Hubebi kila wiki? Ikodi tu siku ya mzigo.

5. Gari la michezo la milango miwili. Likiwa gari la pili, na hela ya bima ipo, chukua. Angalau hapa moyo haujifanyi akili.

Ukishachagua, kalione asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukikuta muuzaji ameshaliwasha, rudi siku nyingine. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ubavuni mwa tairi, mwisho wa maandishi ya DOT, soma tarakimu nne: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na uandamane na mtu ambaye gari hilo halimsisimui hata kidogo. Wewe utakuwa unaangalia rangi.