Nesi yuko kwenye simu, mfuko wa baba haujai

Hospitali siitaji, wenyewe wakisoma watajijua. Ni ya binafsi, hapahapa Dar, marumaru zinang'aa na viyoyozi mpaka kwenye korido. Baba alifanyiwa upasuaji wa tezi dume mwezi uliopita, au mwishoni mwa ule mwingine, siku zimenichanganya. Daktari sina neno naye. Neno langu liko wodini.

Waliowahi kuuguza mgonjwa wa tezi dume wanaujua ule mpira wa njia tatu: moja ya kujazia puto linaloushikilia kibofuni, moja inaingiza maji ya chumvi, ya tatu inayatoa pamoja na damu ili isigande ndani. Maji yakiingia lazima yatoke. Hilo hata mimi muuza vipuri wa Kariakoo nilielewa kwa dakika mbili.

Jioni baba akaanza kusema mkojo umembana. Nikamfuata sista mezani kwake. Simu iko sikioni, akaninyanyulia kidole nisubiri. Nikasubiri. Alipomaliza, wala hakuinuka: "Mwambie mzee ana mpira, hawezi kubanwa. Ni hisia tu."

Nikarudi, nikamkuta baba anauma shuka. Nikainama kutazama mfuko chini ya kitanda. Mkojo uko palepale ulipokuwa wakati wa adhana ya magharibi, na huku juu chupa ya maji inazidi kupungua. Nikaenda tena. "Sista, samahani, maji yanaingia lakini hayatoki."

"Kaka, nesi hapa ni mimi au wewe?"

Baba ana miaka 71, mwalimu mstaafu, kwenye misiba yote ya ukoo sijawahi kuona chozi lake. Jioni ile alimwita mama yake.

Nisimwonee yule dada: baadaye nimeambiwa hisia hiyo ipo kweli, kibofu hujikaza kikisumbuliwa na mpira, mgonjwa akaona kama anataka kukojoa. Sawa. Ila hisia ndiyo inayozuia mfuko kujaa? Angeinama tu. Hatua nane kutoka mezani kwake, nilizihesabu kwa hasira.

Saa mbili ikaingia zamu ya usiku, nesi wa kiume, kijana mdogo. Akamwamkia baba, akamgusa chini ya kitovu, pamekaza kama ngoma iliyowambwa. Kabla ya yote akafunga maji yanayoingia. Akavaa glovu, akaleta bomba kubwa la sindano, akasukuma maji ya chumvi mpirani, akavuta. Akarudia. Mara ya nne sijui ya tano likatoka bonge la damu, jeusi kama ini, kisha mkojo mwekundu ukamiminika kwenye beseni. Baba akashusha pumzi ndefu, akamtazama yule kijana, akamuuliza, "Umeoa, mwanangu?"

Nilikaa kuandika kwamba msiende kabisa. Sasa nikisema hivyo si namdhulumu huyu kijana? Basi nendeni, ila ulizieni kwanza nani yuko zamu. Hapana, msiende! Kwenye bili kuna gharama ya uuguzi kwa kila siku, na siku ile wameihesabu nzima, pamoja na zile saa za simu. Nimelipa.

Kliniki ya baba ni kesho kutwa, hukohuko. Nilimtafutia hospitali nyingine, akakataa, anataka kujua kijana anaingia saa ngapi.