Raba za mitumba Mlango Mmoja, kwa mkimbiaji wa shule aliyeumia ugoko

Mwanafunzi wa mita 3,000 au 5,000 akiachwa nje ya timu ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa maumivu ya ugoko, huambiwa hana moyo. Huenda kilichokwisha ni sponji ya raba yake. Mitumba ya Mlango Mmoja, hapa Mwanza, inaweza kumsaidia, mradi anayenunua ajue kuchagua.

Dosari kubwa ni kwamba raba huoshwa na kupigwa rangi ikang'aa, kumbe ndani imekufa. Iweke juu ya ubao ulionyooka. Ikilalia upande, mvaaji wa kwanza ameshaipinda, na kifundo chako kinaweza kupinda vilevile. Ingiza mkono, bonyeza kisigino kwa kidole gumba: sponji nzima hurudi, iliyochoka hubaki imebonyea au ni ngumu kama ubao. Kisha ikunje. Ikikunjika katikati badala ya pale vidole vinapokunjika, iache. Vuta pia ncha ya soli, maana gundi kuukuu huachia hapo kwanza.

Nenda jioni, mguu ukiwa umetanuka, na soksi za mazoezi. Vaa zote mbili, mbele ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Ikibana, kucha zitakuwa nyeusi kwenye miteremko ya Capri Point. Usiamini namba, 42 ya kampuni moja si 42 ya nyingine. Njumu, zile za mbio zenye misumari, zisubiri, sponji yake ni ndogo mno kwa ugoko mbovu.

Lakini raba haiponyi. Maumivu yakikaa mahali pamoja panapogusika kwa kidole kimoja, na kuzidi ukiruka kwa mguu huo, huenda mfupa una ufa. Nenda hospitali, na ujue kwamba eksirei ya mwanzo inaweza isiuonyeshe. Maumivu yakiwa yametanda kwenye ugoko na yameshatulia, anza na dakika 1 ya kukimbia, 2 za kutembea, mara 10, siku tatu kwa wiki, kwenye nyasi au udongo. Yakirudi, punguza. Wakati huo mtoto asiachwe bwenini peke yake, kukosa mashindano kunauma kweli. Mwalimu ampe saa awapimie wenzake mizunguko.

Raba ukishaipata, ioshe kwa maji baridi, toa soli ya ndani, ianike kivulini. Jua kali huachisha gundi.