Vifaa vya usafi na ngozi kwa binti wa miaka 9 hadi 12: kipi kinunuliwe kwanza, kipi kiachwe dukani

Ngozi ya binti wa umri huu haidai mengi. Seramu, tona na krimu za usiku zinazojaza rafu zimetengenezwa kwa ajili ya watu wazima wanaopambana na mikunjo na madoa, na zikipakwa kwenye uso wa mtoto mara nyingi huishia kuubabua. Kinachobadilika kati ya miaka 9 na 12 ni jasho la kwapani, mafuta ya usoni na, kwa wengi, hedhi ya kwanza. Ndiyo maana mwongozo huu umepangwa kwa kufuata kile mwili unachodai kwanza. Kama fedha inatosha vitu viwili tu, nunua viwili vya juu na uache vingine vyote.

1. Sabuni

Sabuni ya kawaida ya kipande ina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, ilhali ngozi yenye afya iko karibu na 5. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya uso uvute na kung'aa kwa ukavu baada ya kuoga. Inayoshinda ni sabuni laini isiyo na manukato, ya maji au ya kipande, yenye maandishi ya pH 5.5. Inayofuata ni sabuni ya glisirini isiyo na rangi wala harufu. Sabuni ya manukato makali ni ya tatu. Ya mwisho ni sabuni ya dawa ya kuua vijidudu: kwa matumizi ya kila siku hukausha ngozi bila kumpa mtoto faida yoyote ya ziada, isipokuwa daktari amesema.

Sabuni moja inatosha uso na mwili. Uso uoshwe asubuhi na jioni kwa vidole, bila dodoki wala skrabu, na povu lifike kwapani, miguuni na kwenye mikunjo ya mapaja. Sehemu za siri kwa nje zinatosheka na maji safi, na ndani hapaingizwi kitu. Sabuni maalumu za uke, vitambaa vyenye manukato na dawa za kupuliza huko hazistahili hata nafasi ya mwisho katika orodha hii, kwa sababu huvuruga kinga ya asili na kuleta miwasho ambayo baadaye hununuliwa dawa. Ute mweupe au usio na rangi kwenye chupi, miezi kadhaa kabla ya hedhi ya kwanza, ni wa kawaida. Ukibadilika kuwa wa kijani, ukanuka au ukaambatana na kuwashwa, hapo ni suala la hospitali.

2. Kwapa

Jasho lenyewe halinuki. Tezi za kwapani zinapoamka wakati wa kubalehe hutoa jasho zito, bakteria wa ngozini hulivunjavunja, na kazi hiyo ndiyo inayotoa kikwapa. Kwa hiyo bidhaa yoyote ikipakwa juu ya jasho la jana itashindwa, hata iwe ya bei gani. Kwapa lioshwe kwa sabuni, lisuuzwe, likaushwe kabisa, ndipo lipakwe.

Nafasi ya kwanza ni deodoranti isiyo na manukato, ya fimbo au ya kuzungusha. Kagua isiwe na magadi (kwenye kifurushi huandikwa sodium bicarbonate), maana magadi yana alkali zaidi kuliko ngozi na ndiyo chanzo kikubwa cha kwapa kuwa jekundu, kuwaka moto na hatimaye kuwa jeusi. Wanaonunua "ya asili" kwa kuogopa kemikali huangukia hapo mara nyingi. Shabu iliyolowanishwa kidogo ni ya pili: inapunguza bakteria, haina harufu, na kipande kimoja hudumu muda mrefu. Kikimeguka, kingo zake hukwaruza, basi zilainishwe kwanza kwa maji.

Kizuia jasho ni kitu kingine. Kina chumvi za alumini zinazoziba vijitundu vya jasho kwa muda, na kinafaa pale unyevu wenyewe unapomtesa binti, yaani blauzi inalowa. Hupakwa usiku kwenye kwapa kavu, kwa sababu usiku jasho ni kidogo na chumvi hupata nafasi ya kushika. Hofu kwamba alumini hiyo huleta saratani ya matiti haijathibitishwa na utafiti. Mtoto mwenye ugonjwa wa figo, hata hivyo, asitumie bila kumuuliza daktari. Za kupuliza ni za mwisho: nusu huishia hewani na mapafuni, zinashika moto, na zikipulizwa karibu mno huunguza ngozi kwa baridi.

Kabla hujabadilisha bidhaa, nusa nguo. Vitambaa vya poliesta hushikilia harufu hata baada ya kufuliwa. Geuza blauzi ndani nje, paka sabuni sehemu za kwapa, sugua, acha nusu saa, kisha fua kama kawaida. Kikwapa kikianza kabla ya miaka 8, au matiti yakianza kuota kabla ya umri huo, mpeleke kwa daktari.

3. Pedi, kabla hazijahitajika

Hedhi huja takriban miaka miwili hadi miwili na nusu baada ya matiti kuanza kuota, hivyo kuna muda wa kujiandaa. Tayarisha kifuko chenye pedi mbili, chupi safi na mfuko mdogo wa kuhifadhia iliyochafuka, kikae kwenye begi la shule.

Kwa kuanzia, pedi nyembamba yenye mabawa ndiyo bora, urefu wa sentimita 24 hivi mchana na karibu 30 usiku. Pedi ya mtu mzima iliyo pana mno hujikunja katikati ya mapaja, kisha hukwaruza na kuvujisha. Chagua yenye uso laini wa pamba au kitambaa. Uso wa plastiki wenye matundu hukauka haraka, lakini kwa wengine huacha vipele. Zenye manukato ziachwe.

Pedi ibadilishwe kila saa 4 hadi 6 hata damu ikiwa kidogo. Kwa pedi nne au tano kwa siku na hedhi ya siku tano, zinahitajika 20 hadi 25, lakini kwa mwezi wa kwanza nunua pakiti moja ndogo ya mchana na moja ya usiku tu, kwa sababu hedhi za mwanzo hazitabiriki na huenda pedi zenyewe zisimpendeze. Mfundishe kuibandika katikati ya chupi inayobana kiasi, kisha akunje mabawa chini. Damu ikivujia nyuma, pedi imewekwa mbele mno, na ikivujia pembeni, mabawa hayajashika.

Chupi za hedhi, zenye tabaka la kunyonya damu, zinashika nafasi ya pili, na ndizo nzuri zaidi kwa kulala na kwa siku za kusubiri ile ya kwanza. Pedi za kufua huja nyuma yake kidogo, kwa sharti moja: ziloanishwe kwa maji baridi, kwani ya moto hugandisha doa, kisha zianikwe juani. Zikifichwa kwa aibu na kukaushwa chini ya godoro hubaki na unyevu, na hapo ndipo matatizo huanzia. Tamponi (kizibo cha pamba kinachoingizwa ukeni) haivaliwi zaidi ya saa 8, huchaguliwa ya uwezo mdogo kabisa, na hatari yake adimu ni sumu ya bakteria inayoleta homa kali ya ghafla. Kikombe cha hedhi, nacho huingizwa ukeni kukinga damu, hudumu miaka, ila kinataka mazoezi na kuchemshwa. Vyote viwili vinaruhusiwa, lakini si vya kuanzia.

Pedi ikijaa kila saa moja au mbili, au hedhi ikizidi siku 7, usiongeze ukubwa wa pedi. Nenda kliniki.

4. Mafuta na losheni

Mafuta ya mgando yasiyo na harufu hushinda losheni nyingi za gharama. Hayalishi ngozi chochote. Yanazuia tu maji yaliyomo yasitoke, kwa hiyo yapakwe mara baada ya kuoga mwili ukiwa bado na unyevu. Usoni, kwa ngozi inayotoa mafuta, chukua losheni nyepesi yenye glisirini au seramidi.

Hapa pia ndipo krimu za kung'arisha hujipenyeza. Zikiwa na haidrokwinoni, zebaki (husomeka mercury, calomel au mercurous chloride) au steroidi kama clobetasol, ziache zilipo. Zebaki huharibu figo, na steroidi hukondesha ngozi ikaacha michirizi isiyofutika. Krimu isiyo na orodha ya viambato, au iliyopakiwa upya kwenye kopo tupu, ihesabu kuwa ndiyo hiyo hiyo.

5. Jua

Krimu ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, inayokinga UVA na UVB, aina mbili za miale ya jua. Yenye zinki huchokoza ngozi mara chache, ingawa huacha weupe kwenye ngozi nyeusi. Tafuta iliyotiwa rangi. Uso na shingo vinataka mistari miwili ya krimu, mmoja juu ya kidole cha shahada na mwingine juu ya kidole cha kati, kwa urefu wa kidole, na kurudia kila saa mbili akiwa nje.

6. Chunusi, zikija

Chunusi zikijipanga kwenye paji la uso kandokando ya nywele, punguza kwanza mafuta ya nywele. Zikibaki, sabuni ya uso yenye asidi ya salisiliki 0.5 hadi 2% inatosha kwa nyingi. Benzoili peroksaidi ianze na 2.5%, si 10%: hufanya kazi karibu sawa kwa kuunguza kidogo, ila hufifisha rangi za taulo na mito. Kwa mtoto wa chini ya miaka 12, muulize mfamasia kwanza. Matokeo huchukua wiki 6 hadi 8. Retinoli za urembo na asidi nyingine za kuchubua hazihitajiki.

Kila kipya kijaribiwe kwa kupakwa kidogo ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku, kwa siku 7, na kianzishwe kimoja kimoja ili kikileta vipele kijulikane. Kwenye kopo tafuta mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye 6M au 12M: hiyo ni miezi ya kutumika tangu kufunguliwa. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu chini ya kopo.