Dawa ya wadudu ya kununua kwa viazi mviringo: nunua sumu, usinunue jina

Mwaka juzi niliingia duka la pembejeo pale Njombe nikatoka na chupa mbili. Moja ina picha ya nyanya, nyingine ina picha ya simba. Nia yangu ilikuwa kuzipokezanisha ili wadudu wasizoee. Nyumbani nikavaa miwani, nikasoma maandishi madogo: sumu ya zote ni imidaklopridi, gramu 200 kwa lita. Nimelipia sumu ileile mara mbili, na wadudu wangu nimewapikia chakula kilekile kwenye sahani mbili.

Siku hizi sianzi na chupa, naanza na jani. Pindua majani ya chini, ya mimea kadhaa, si mmoja. Ukikuta vidukari (wengine tunawaita wadudu mafuta) wamejipanga kando ya mshipa, au ukitikisa shina inzi weupe wakaruka, basi dawa za kunyweka na mmea, zile wauzaji wanaziita sistemiki, zitakulipa. Mdudu ananyonya utomvu, na sumu imo humo humo. Ukikuta majani yamebabuka kwa ukungu, au mmea umenyauka ghafla kwa bakteria, rudisha hela mfukoni. Kila msimu naona mtu anapulizia ukungu dawa ya wadudu, kisha anamlaumu muuza duka.

Majina ya sumu kwenye lebo ni marefu na yameandikwa kwa tahajia ya Kiingereza. Yakikuchanganya, tafuta namba ya kundi, inayoonyesha sumu inaua mdudu kwa njia gani. Baadhi ya lebo zinaiandika. Namba zikifanana, hujabadilisha kitu.

Naweka ya kwanza thiamethoksamu, kundi 4A. Wengi wanaijua kwa jina la Actara. Inayeyuka vizuri kwenye maji, mizizi inainywa upesi, na vidukari na inzi weupe inawamudu zao likiwa bado changa. Naitumia mara moja kwa msimu. Ubaya wake ni nyuki. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake ya shambani mwaka 2018, pamoja na imidaklopridi na klothianidini. Kama pembeni una maharage au magugu yanayochanua, fyeka magugu kwanza, na usipulize nyuki wakiwa kazini.

Ya pili ni spirotetramati, kundi 23, ambayo ndiyo naipokezanisha na hiyo ya kwanza. Dawa nyingi za aina hii hupanda juu tu pamoja na maji. Hii hupanda na kushuka, kwa hiyo hufika hata kwenye chipukizi ambalo hukulipulizia. Lakini ni ya polepole na inawapata zaidi wadudu wachanga. Ukipuliza leo ukaja kesho kuhesabu maiti, utadhani umeuziwa maji.

Klorantraniliproli, kundi 28 (Coragen ndiyo maarufu), naiweka ya tatu kwa sababu bei yake ni kali na kwa kidukari si chaguo langu. Inunue ukiona viwavi vya nondo wa viazi wamechimba majani. Ila usidanganyike kwamba itashuka kulinda viazi vilivyo chini. Nondo hufikia kiazi kupitia nyufa za udongo na viazi vilivyochungulia nje. Hapo dawa ni jembe. Pandishia udongo mapema, tena vizuri.

Imidaklopridi ni ya nne. Inafanya kazi na ni rahisi, lakini nayo ni 4A: ukishatumia thiamethoksamu, iache dukani.

Zile za mchanganyiko, 4A pamoja na lamda (sumu ya kuua mdudu kwa kumgusa), nazinunua kwa shingo upande. Zinaangusha wadudu haraka, mkulima anafurahi, ila zinaua na wale wadudu wekundu wenye madoa wanaotusaidia kula vidukari bure. Dimethoeti sinunui kabisa. Ni sumu kali kwa anayebeba bomba mgongoni, na Ulaya walikataa kuihuisha mwaka 2019.

Sasa jambo ambalo duka halitakuambia. Vidukari huleta virusi vya viazi. Virusi vya kukunja majani vinahitaji kidukari anyonye kwa muda, mara nyingi saa kadhaa, kwa hiyo dawa inaweza kumuwahi. Virusi vingine vya viazi, viitwavyo Y, vinaambukizwa kwa sekunde chache tu za kuchomachoma jani. Mdudu atakufa, ndiyo, lakini keshaacha ugonjwa. Kwa hiyo kama hela ni ya kitu kimoja tu, nunua mbegu safi iliyothibitishwa na TOSCI (taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu), iwe ya aina ya Sagitta au Asante, kabla hujagusa chupa yoyote hapo juu. Mbegu ya kuokota kwenye viazi vidogo vya mavuno yaliyopita mara nyingi inakuja na virusi ndani, na hakuna dawa ya kuvitoa.

Dukani, angalia namba ya usajili ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), tarehe ya mwisho, na kizibo ambacho hakijafunguliwa. Dawa iliyopimiwa kwenye chupa ya soda usiichukue hata kwa nusu bei. Angalia pia kama lebo inataja viazi, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Hizo siku ziandike kwenye kalenda siku ileile unayopuliza, maana dalali akipiga simu kwamba lori liko njiani, hutakumbuka ulipuliza lini.