Treni ya Dar hadi Moshi na watoto wawili, safari ya Krismasi kwenda kwa bibi Rombo

Kama umeolewa Rombo, kule chini ya mlima Kilimanjaro, unajua Desemba hakuna mjadala, mnapanda, yaani mnaenda nyumbani kwa wakwe. Mi kwetu ni Morogoro, kwa hiyo mwanzoni nilikuwa naona kama wenzetu wanazidisha, nyumba ya Dar inafungwa, kuku anaachiwa jirani, kuanzia mwezi wa kumi watu washaanza kuulizana "mnapanda lini", ila huu ulikuwa mwaka wangu wa tano na sa hivi mimi mwenyewe ndo wa kwanza kuulizia. Naandika hii kwa wenzangu wenye watoto wadogo, maana kuna swali nilimuuliza kila mtu na sikupata jibu la maana: ukiwa na mtoto wa miaka minne na mwingine wa mwaka mmoja na miezi mitatu, unawafikishaje kwa bibi yao wakiwa na hali nzuri? Sio kufika tu, kufika kila mtu anafika.

Nianze na mwaka wa nyuma yake ili mnielewe natokea wapi. Tulienda na basi. Jina la kampuni silitaji, ni basi la mchana linalotoka Mbezi Luis pale stendi ya Magufuli saa 12 asubuhi, siti mbili kwa mbili, AC, soda na biskuti unapewa. Huyu mdogo alikuwa wa miezi mitatu tu namnyonyesha, mkubwa ana miaka mitatu, nikakata siti tatu kabisa, yangu, ya baba yao na ya mkubwa. Mkatisha tiketi akaniambia mama unapoteza hela bure, huyo si unampakata tu. Nikamwambia hapana, ni kilomita kama 560, mtoto hawezi kupakatwa siku nzima, na mi nina mwingine kifuani.

Sasa siku ya safari, tarehe 23, tumefika Chalinze konda anakuja na abiria mpya, mzee wa watu ana kibegi na fimbo, ananiambia dada mpakate mwanao sikukuu hii kila mtu anataka kufika kwao. Nikatoa tiketi nikamuonyesha. Baba watoto naye akasimama akaongea, konda akanyamaza, lakini mzee keshapanda, keshalipa, basi limeondoka, amesimama palepale pembeni yangu anashika juu huku anayumba. Jamani mimi nitamuacha mzee wa umri wa baba yangu asimame mpaka Same? Sikuweza. Nikampisha, mkubwa akaenda kwa baba yake. Kwa hiyo siti niliyolipia haikutumiwa na mtoto, na lawama zangu zote ni kwa kampuni, mzee hana kosa hata moja, yeye aliuziwa siti ambayo ilishauzwa.

Kuanzia hapo safari ikaharibika. Mtoto kwenye mapaja ya mtu anapata joto, anageuka, anapiga teke siti ya mbele, mtu wa mbele anageuka anaangalia, baba anamfinya kidogo, analia. Mara anataka kukojoa, na basi ukiomba wanakwambia subiri tutachimba dawa mbele, mtoto wa miaka mitatu hana mbele yeye ni sasa hivi. Korogwe wakatoa dakika 20 za kula, foleni ya choo peke yake ilimaliza dakika 15. Muziki juu mwanzo mwisho. Niseme na zuri lao kwa sababu ni haki yao, dereva aliendesha vizuri sana, hakupita spidi 80, hakuovateki hovyo kwenye zile kona za kabla ya Same, na mizigo yote tuliipata Himo ikiwa salama. Hilo nawapa. Lakini mkubwa alitapika mara mbili baada ya Mwanga, tukashuka Himo saa 11 jioni, tukachukua Noah, zile gari ndogo za abiria, mpaka Mkuu kule Rombo nyumbani kwa wakwe, tunafika giza limeingia.

Na hapa ndo panaponiuma mpaka leo. Mama mkwe alikuwa amekaa nje tangu saa 9. Alikuwa ameshapika mtori, ile supu ya ndizi, amemtengea mjukuu kibakuli chake kidogo kile cha bati ambacho baba yake alikuwa anakulia utotoni, ananyoosha mikono mtoto aje, mtoto akalia kama kaona mtu wa kutisha, akajificha shingoni kwa baba yake, hakuamkia, hakula, akalala na nguo za safari. Bibi akasema tu "mwacheni amechoka", akafunika kile kibakuli. Usiku nikamsikia anamwambia baba mkwe kwa Kirombo na mimi sijui Kirombo ila jina la mtoto nililisikia na ile sauti nikaielewa.

Ndo maana mwaka huu nikasema hapana, tujaribu treni.

Kwanza tuelewane, hii sio SGR. SGR ni ile ya umeme ya Dar, Morogoro, Dodoma. Hii ya Moshi na Arusha ni ya TRC, Shirika la Reli Tanzania, vilevile lakini inatumia reli ya zamani ya mita moja, injini ya dizeli, mwendo wa taratibu. Ile reli ilikaa miaka mingi bila treni ya abiria, ikarudi Moshi Desemba 2019, na Arusha mwaka uliofuata. Haiendi kila siku, kwa hiyo panga tarehe zako kufuata ratiba yao, usipange kwanza ndo ukaangalie ratiba, utalia. Madaraja ni la tatu la kukaa, la pili la kukaa na la pili la kulala. Ukiwa na watoto wadogo nakwambia kama dada yako, chukua kulala. Chumba kina vitanda sita, vitatu vitatu vinatazamana. Sisi tulikuwa mimi, baba watoto, wifi yangu, shemeji yangu na watoto wawili, tukachukua vitanda vyote sita chumba kikawa chetu, tukafunga mlango. Kama hamfiki sita tafuteni ndugu mwingine anayepanda tarehe hizo, Desemba hawakosekani, hata binamu wa mbali anakuwa wa karibu.

Tumeondoka Dar mchana. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkubwa alivyokaa dirishani. Hakuuliza kishikwambi, hakuuliza simu. Pugu, ile misitu, watu wanapunga mkono, watoto wa shule wanakimbia pembeni ya reli, kila stesheni ndogo treni ikipunguza mwendo kuna akina mama na mabeseni ya mahindi ya kuchemsha, mayai, machungwa, anachagua mwenyewe. Mdogo ndo alikuwa ameanza kutembea wiki tatu nyuma, akawa anatembea kutoka kitanda mpaka mlango, mlango mpaka kitanda, treni ikiyumba anakaa chini anacheka anaamka. Kwenye basi angetembea wapi? Choo kipo kwenye behewa, mtoto akisema kojo ni sekunde 30 umefika, hakuna kumuomba mtu. Pampasi nilibadilisha kitandani nimemlaza kama nyumbani.

Usiku tulienda behewa la chakula, wali kuku na chai, tukakaa kwenye meza tukala kama familia. Saa 3 watoto wote wamelala. Mimi nilikuwa na wasiwasi wataamka na kelele za vyuma, wapi, ile kugongagonga ndo iliwalaza kabisa. Beba shuka lako na kikoi au blanketi jepesi, beba maji ya kutosha ya kunywa na ya kunawa, karatasi za chooni, tochi, na kamba fupi au leso ya kuzibia pembeni ya kitanda, mtoto nilimlaza kitanda cha chini upande wa ukutani nikalala naye, mkubwa akalala na baba yake mkabala. Vitanda vya juu kabisa waachie vijana.

Sasa asubuhi. Mi nimepita njia hii mara nne kwa basi na ule mlima nilikuwa naufikia jioni umeshajifunika mawingu, watoto wananiuliza uko wapi naonyesha wingu. Treni inakufikisha kule alfajiri. Tumeamka milima ya Upare iko mkono wa kulia, hewa ya baridi inaingia dirishani, mbele kidogo kabla ya Kahe shemeji akapiga kelele "amkeni amkeni", na Kibo, kile kilele cha Kilimanjaro, ule pale, mweupe juu, wote mzima hauna hata wingu, jua ndo linaupiga. Mkubwa hakusema kitu muda mrefu. Halafu akauliza, "bibi anakaa pale juu?" Baba yake akamwambia anakaa upande wa pili wa pale. Nimelipia vitanda sita na hata kama ingekuwa ni kwa dakika zile tu ningelipa tena.

Moshi tumeshuka asubuhi, na pale stesheni nani kaja kutupokea? Babu mwenyewe. Mzee katoka Rombo alfajiri na Noah ya jirani, kavaa koti, kasimama palepale pembeni ya reli. Baba mkwe ujana wake alikuwa anaenda Dar kwa treni hii, akaja kuiona tena. Njia nzima mpaka Himo anamsimulia mjukuu kwamba reli hii Mjerumani aliianzia Tanga akaifikisha Moshi mwaka 1911, kahawa ya huku ilikuwa inashuka nayo mpaka bandarini, na mtoto anamsikiliza kwa sababu kalala usiku kucha, kanywa chai, hana kichefuchefu. Tumepita Himo tukanunua vitunguu na nyanya pale njia panda, Marangu, Mwika, tukafika Mkuu hata saa 6 haijagonga.

Bibi alikuwa jikoni hakututegemea mapema hivyo. Mkubwa alishuka kwenye gari akakimbia mwenyewe, "shikamoo bibi", akainamisha kichwa kama nilivyomfundisha kwenye treni. Bibi alikuwa na mwiko mkononi hakuuweka hata chini, akamkumbatia nao. Kile kibakuli cha bati kikatoka. Alikula mtori mara mbili. Mdogo naye alikuwa anapita kwa shangazi mmoja kwenda kwa mwingine, na kule kwetu mkesha wa Krismasi nyumba inakuwa na watu kama 30, baba wakubwa, mama wadogo, watoto wa binamu, ndizi zinamenywa pale nje mpaka vidole vinakuwa vyeusi, mbuzi kafungwa kwenye mgomba, wazee na mbege yao, pombe ya ndizi, na mtoto aliyechoka hawezi kuvumilia mikono mingi hivyo, ila aliyelala vizuri anaipenda. Tarehe 26 tulikuwa na ubatizo wa mtoto wa wifi, watoto wakacheza na wenzao kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, mpaka jioni. Siku ya kwanza haikupotea. Kwa watu mnaopanda siku tano tu kwa mwaka mnajua siku moja ina thamani gani kwa bibi.

Kwa hiyo maoni yangu kama mzazi. Ukihesabu masaa, treni inashindwa, sisi tulitumia kama 17 mpaka Moshi na basi lilitumia kama 11 mpaka Himo. Kama unasafiri peke yako au watoto wako ni wakubwa wa darasa la tano na kuendelea, panda basi, utafika haraka. Lakini masaa 17 ambayo 9 yake mtoto amelala kitandani siyo sawa na masaa 11 ya mapajani. Treni naipa 5 kwa 5 kwa mwenye mtoto chini ya miaka sita. Lile basi nawapa 2, na zote mbili ni za dereva.

Kama huna namna tarehe zimegoma na lazima basi, nunua siti ya mtoto na hakikisha ina namba kwenye tiketi na jina lake, siyo jina lako mara mbili, kaa mtoto awe dirishani wewe uwe upande wa njia, na konda akikuletea mtu mwambie mapema kabla yule mtu hajapanda ngazi, maana akishasimama pembeni yako huruma itakushinda kama ilivyonishinda. Mtoto mpe chakula chepesi, maandazi na ndizi, chips za njiani acha. Sweta liwe juu sio kwenye buti, AC inapuliza na Rombo usiku watoto wa Dar wanatetemeka.

Tiketi za kulala Desemba zinaisha haraka mno, kata za kwenda na kurudi pamoja. Sisi za kurudi tulikuwa nazo mkononi na ndo zilizotuokoa maana mizigo ya kushuka inazidi ya kupanda, bibi alitufungia mkungu wa ndizi, parachichi, mahindi na kuku mzima kwenye kikapu, vyote vikalala chini ya kitanda. Tulipofika Dar asubuhi mkubwa akasimama pale stesheni hataki kuondoka, anauliza kama treni inalala hapo hapo mpaka siku tutakayorudi kwa bibi.