VPN (njia iliyofichwa ya intaneti kupitia seva ya kazini): upitishe kila kitu au data za kazini tu?
Mi naishi Sinza, seva ya kazini iko Frankfurt. Nikipitisha kila kitu, hata app ya benki ya hapahapa Dar inazungukia Ujerumani kwanza ndo irudi, benki nayo inaniona mgeni inagoma. Ukigawa, kwenye WireGuard (app ya VPN) pale AllowedIPs, yaani orodha ya anwani zinazopita VPN, unatoa 0.0.0.0/0 (anwani zote) unaweka 10.0.0.0/8 (anwani za mtandao wa ndani) kama ofisi yenu inatumia hiyo, mafaili ya kazi yanapita VPN na YouTube inajiendea zake, spidi freshi kabisa. Ila DNS, ile inayogeuza majina ya seva kuwa anwani, usiisahau, mi jioni nzima nilihangaika majina ya seva za ofisini hayafunguki kumbe simu inauliza DNS ya nje. Wi-Fi ya mgahawani lakini, pitisha vyote tu ndugu yangu. Nyumbani nagawa.