Uzoefu wangu: Fluke 87V kwenye Porsche 911 inayowaka leo na kugoma kesho

Gari likikataa kabisa kuwaka, kazi ni nyepesi, maana hitilafu imekaa palepale inakusubiri. Linalosumbua ni lile linalowaka asubuhi, linawaka saa sita, halafu saa tisa jua likiwa kali unageuza ufunguo, unasikia "ta!" moja, basi. Ukisubiri dakika 20 linawaka kama kawaida. Kwenye Porsche 911 za kizazi cha 996, zilizotengenezwa 1997 hadi 2005, hali hii huletwa zaidi na umri: nyaya, swichi na viungio vyake sasa vina miaka 20 na zaidi. Magari haya nayapima kwa multimita, yaani mita ya kupima umeme, ya Fluke 87V. Haya ni maoni yangu kuhusu mita hiyo kwa kazi hii moja tu, pamoja na namna ya kuitumia, kwa sababu mita nzuri ikishikwa vibaya itakutuma dukani ukanunue stata usiyoihitaji.

Kinachonifanya niipende ni kitufe kimoja: MIN MAX. Ukikibonyeza, mita inaweka kumbukumbu ya kipimo cha chini kabisa na cha juu kabisa, na kila kipimo kipya kinapovuka kile kilichowekwa, inalia. Stata inazunguka kwa sekunde moja au mbili. Macho hayawezi kufuata namba zinavyoruka kwenye kioo kwa muda huo, na aliyekaa kwenye usukani hawezi kuwa nyuma ya gari wakati huohuo. Ukiwa na MIN MAX unaiacha mita ilipo, unakwenda kupiga stata, unarudi kusoma. Ila chagua kiwango cha kipimo kwa mkono kwanza, kwa sababu mita ikishaingia MIN MAX haibadilishi kiwango yenyewe. Kwa volti zinazopotea kwenye waya naiweka kwenye 6 V, kwa volti za betri naiweka kwenye 60 V. Na ikiwa kwenye MIN MAX haijizimi yenyewe, hivyo unaweza kuiacha usiku kucha. Faida yake nitaieleza huko mbele.

Kabla ya kushika mita, sikiliza. "Ta!" moja nzito, au injini inazunguka kwa uvivu: tatizo liko kwenye umeme mkubwa, yaani betri, nyaya nene, ethi (njia ya hasi inayopita kwenye bodi na injini) au stata yenyewe. Kimya kabisa huku taa za dashibodi zinawaka vizuri: liko kwenye umeme mdogo unaoiamuru stata. Injini inazunguka kwa nguvu lakini haishiki: achana na stata, haina kosa. Watu wengi huruka hatua hii, na ndipo fedha zinapopotelea.

Tuanze na umeme mkubwa. Betri ijazwe kwanza, bila hivyo vipimo vyote vinavyofuata havina maana. Ikishajaa na kupumzika saa kadhaa inapaswa kusoma volti 12.6 au zaidi, 12.2 ina maana iko nusu. Mimi natumia chaja ya CTEK MXS 5.0, inayotoa amperi 5. Betri ya Ah 80 (amperi-saa) iliyo nusu inahitaji takriban Ah 40, kwa hiyo ni saa 8 kwa hesabu ya haraka, na kwa uhalisia ni usiku mzima, maana mwishoni chaja hupunguza mkondo. Kisha bana klipu za mita kwenye nguzo za risasi za betri yenyewe, si kwenye vibano vya waya. Kibano kilicholegea au chenye kutu nacho hula volti, na ukipimia juu yake utachanganya betri na kibano.

Piga stata, soma MIN. Ikibaki juu ya volti 10, betri ni nzima. Ikianguka chini ya 9.6 baada ya kujazwa, na hali ya hewa ni ya joto, ama betri imechoka ama stata inavuta kupita kiasi. Mita ya kubana waya inayopima mkondo wa moja kwa moja itakuamulia: injini ya ukubwa huu kwa kawaida huchukua amperi 150 hadi 250 ikiwa inazunguka. Stata ikivuta zaidi ya hapo kwa mbali huku injini inakwenda taratibu, ndani yake kuna kinachokwama.

Hali ya kinyume ndiyo yenye uhondo. Betri inabaki volti 11.9 huku injini inazunguka kwa uvivu au stata inagonga tu. Hapo betri ina nguvu ila hazifiki. Zinapotelea njiani, na kwenye 911 njia ni ndefu: betri iko mbele, injini iko nyuma kabisa, na waya wa chanya unapita chini ya gari lote hadi kufika kwenye stata na altaneta.

Hapa mafundi wengi hupima ohmu, yaani ukinzani wa waya, na hapa ndipo wanapodanganyika. Fanya hesabu: amperi 200 zikipita kwenye ukinzani wa ohmu 0.01 tu, volti 2 zimekwenda. Fluke 87V kwenye ohmu inasoma kwa hatua ya 0.1, na nyaya zake zenyewe zina karibu kiasi hicho. Haiwezi kuona 0.01. Waya mnene uliobaki na nyuzi tatu utalia "piiii" kama mzima, kwa sababu mkondo mdogo wa mita unatosheka na uzi mmoja. Ukinzani wa namna hii unaonekana pale tu mzigo unapopita. Ndiyo maana napima volti, stata ikizunguka.

Nyaya za mita hazifiki kutoka mbele hadi nyuma ya gari, kwa hiyo tengeneza waya wa kuongezea wa mita 5 wenye klipu za meno ya mamba. Waya mwembamba unatosha: mita ina ukinzani wa megaohmu 10, mkondo unaopita humo ni mdogo mno, na waya wako hauli chochote. Anza na upande wa hasi kwa sababu ni rahisi kufikia. Klipu moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma tupu cha injini, kilichokwanguliwa hadi king'ae. Piga stata, soma MAX. Isizidi volti 0.3. Ikizidi, gawanya njia: betri hadi bodi, kisha bodi hadi injini. Mara nyingi utakuta utepe wa ethi kati ya bodi na injini umeoza kwenye boliti yake. Kwa magari yanayolala Mombasa, Tanga au Dar, karibu na chumvi ya bahari, mimi huanza kwa kufungua utepe huo na kuupiga brashi ya waya hata kabla ya kupima.

Upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya stata, usizidi volti 0.5. Stata ya injini hii imejificha juu, chini ya mabomba ya hewa. Kuifikia lazima utoe boksi la chujio la hewa na throto. Ndiyo sababu nasema usiguse huko kabla ya kumaliza upande wa hasi. Ukishafika, vuta nyuma kofia ya mpira kwenye kichwa cha waya uukague. Waya mbovu hujitangaza: ganda limevimba na kukakamaa karibu na kichwa, ukilikunja linatoa sauti ya kuvunjika, na ukilichana unakuta shaba imekuwa unga wa kijani na mweusi badala ya nyuzi nyekundu. Kuoza huku huingia chini ya ganda, hivyo kubana kichwa kipya juu ya shaba mbovu hakusaidii. Badilisha waya mzima. Na kabla ya spana kugusa chochote upande huu, ondoa hasi ya betri. Waya huu hauna huruma ukigusana na bodi.

Kwa nini basi linawaka likipoa? Ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila digrii moja ya joto. Injini iliyozimwa inaendelea kutoa joto juu yake, na waya na koili ya stata vikipanda digrii 60, ukinzani umeongezeka kwa karibu robo. Waya mzima hauoni tofauti. Waya uliokuwa ukingoni unavuka mpaka.

Sasa gari lenye kimya kabisa. Pima volti kwenye taminali 50, waya mwembamba wa stata, ufunguo ukiwa umegeuzwa. Ukipata chini ya volti 9 huku betri inasoma 12, panda juu: rilei, swichi ya pedali ya klachi, swichi ya ufunguo. Kwenye gari lenye swichi hiyo ya klachi, pedali isipokanyagwa hadi mwisho gari halipigi stata, na zulia nene lililojikunja chini ya pedali linatosha kuzuia. Litoe kwanza. Swichi ya ufunguo ikianza kuchoka huonyesha dalili nyingine: feni ya AC au indiketa zinakufa, ukiutikisa ufunguo zinarudi. Kinachokufa ni kipande cha umeme cha plastiki nyuma ya kitasa, namba 4A0 905 849 B, kilichotumika pia kwenye Audi. Bei yake ni ndogo. Kimeshikwa na skrubu mbili ndogo zilizopakwa rangi nyekundu. Zilegeze tu, usizitoe kabisa, maana zikianguka ndani ya dashibodi utazitafuta sana.

Ikizunguka bila kushika, hasa ikiwa moto, shaka yangu ya kwanza ni sensa ya krenki, inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka. Tazama mshale wa mizunguko wakati wa kupiga stata: ukilala sifuri, kompyuta huenda haioni injini ikizunguka. Kodi ya hitilafu P0335 kwenye kompyuta ya gari inathibitisha, ingawa wakati mwingine haihifadhiwi. Mshale ukipanda, nenda kwenye mafuta na ufunguo. Jaribu ufunguo wa akiba, ukiwa peke yake. Kisha kagua chini ya kiti: kompyuta ya alamu inayotambua ufunguo iko huko, na maji yakiingia kwenye zulia ndiyo inayolowa kwanza.

Magari haya hukaa sana bila kuendeshwa, kwa hiyo pima pia umeme unaovuja. Hapa ndipo usiku mzima wa MIN MAX unapolipa. Unganisha mita kwenye tundu la A sambamba na waya wa hasi, kisha ndipo ulegeze kibano, ili kompyuta za gari zisiamke. Boneti ikiwa wazi, funga kitasa chake kwa bisibisi, ili gari lidhani imefungwa. Gari likishalala lisizidi miliamperi 50, sawa na Ah 1.2 kwa siku. Miliamperi 300 ni Ah 7.2 kwa siku, na betri ya Ah 80 inafika nusu ndani ya siku 6 hivi. Ukikuta MIN ni miliamperi 40 na MAX ni amperi nzima, kuna kompyuta inayoamka usiku. Vuta fyuzi moja moja hadi uipate.

Mita hii ni ghali, na kwa mwenye gari moja, yoyote yenye MIN MAX na megaohmu 10 itafanya sehemu kubwa ya kazi hii. Inapoizidi ile ya bei nafuu ni kwenye PEAK: inanasa kushuka kwa microsekunde 250, na hapo ndipo swichi inayokatika kwa kufumba na kufumbua inapoonekana. Usipige stata wala kufungua mlango mita ikiwa imeunganishwa kwa amperi. Fyuzi yake ya amperi 11 itakatika, na si ya bei ya fyuzi za gari. Ikikatika weka ya aina ileile. Kipande cha waya mahali pake kinaondoa kinga iliyokufanya uilipie mita hiyo.